Kiumbe wa Tuta la Magimbi

Wakati wa masika, udongo wa bondeni kwetu Chanika ulikuwa na harufu nzito ya majani yaliyooza na maji yaliyotuama, harufu tuliyoingia nayo hadi ndani ya nyumba. Nilikuwa na miaka tisa. Asubuhi moja mama alikuwa akichimba tuta la magimbi, jembe likakata kitu laini. Kilifanana na mnyoo mkubwa wa rangi ya zambarau iliyopauka, pete mwili mzima, bila miguu, bila macho ya kuonekana. Mama alirudi nyuma. "Nyoka wa vichwa viwili huyo! Usimguse!"

Alikuwa ameshakufa. Nilimbeba kwa jani la gimbi hadi kwa Mwalimu Salome, mpangaji wetu wa chumba cha uani, aliyefundisha biolojia sekondari. Alimgeuza taratibu, akahesabu zile pete kwa kioo cha kukuzia, kisha akaanza upya.

"Huyu si nyoka, Zuhura, wala si mnyoo. Ni wa ukoo wa chura. Hata mie nimemwona vitabuni tu."

Alimtia kwenye chupa ya spiriti, akampeleka chuo kikuu. Jibu lilikuja baada ya wiki kadhaa: ni wa aina adimu, ambayo hata wataalamu hawakujua mengi kuihusu. Je, wapo wengine hai? Tukatafuta msimu wote uliobaki, tukifukua kwa mikono. Tulimpata mmoja tu, katika tuta lile lile, amejikunja, watoto wembamba kama uzi wakimtambaa mgongoni. Mwalimu alitueleza kwamba watoto hao hula ngozi ya mama yao. Ikiota nyingine, wanakula tena.

Mama alisikiliza akiwa amechuchumaa, mikono imejaa tope. "Na yule niliyemkata, Mwalimu? Naye alikuwa na watoto?"

Mama akawafunika kwa udongo, kiganja baada ya kiganja. Tuta lile hakulichimba tena, ingawa mwaka ule magimbi ndiyo yaliyotulisha.

Mwaka jana mtafiti mmoja alinitafuta, akaniomba nimwonyeshe mahali pale. Niliondoka naye kwangu Kimara nikiwa na hakika kwamba napajua. Bonde limefukiwa kwa kifusi, nyumba zimebanana, hakuna hata mfereji ulionisaidia kukisia. Nilizunguka ukuta mmoja mara mbili, hadi mwenye nyumba akatoka.

"Karibu, dada. Umepoteza kitu?" aliuliza kwa upole.

Nilimwambia tulikuwa tunatafuta tuta la magimbi. Mtafiti alifunga daftari lake bila kuandika neno.