Lori Nililolishuhudia

Mimi ni muuza mchele katika soko la Sumbawanga, na hadi leo nikiona mtu kanisani anapewa kipaza sauti, natamani kutoka nje. Siku moja nilipewa mimi, nikasimama mbele ya watu wazima wenye akili zao, nikasema Mungu amenipa lori.

Sikuwa na lori. Sikuwa hata na baiskeli. Mchele wangu niliununua Mtowisa, kule bondeni, na kuupandisha mjini kwa magari ya watu, nimeketi juu ya magunia, khanga nimejifunga hadi puani kwa ajili ya vumbi. Wenye magari walinipandishia nauli walivyotaka. Nilikuwa nimechoka. Nikaliacha kanisa la wazazi wangu wa Mpui, na rozari yao, nikahamia kwenye kanisa jipya mjini, kwa sababu mchungaji wa pale alihubiri kwamba Mungu hapendi mtoto wake azeekee juu ya mizigo. Nilijua ananisema mimi. Nilimpenda kwa hilo, sitadanganya tena.

Pale tulikuwa na desturi ya kushuhudia kwa imani. Unataja unachokitaka kana kwamba umeshakipokea, kisha unatoa sadaka ya shukrani inayolingana nacho. Wapo walioshuhudia nyumba, wapo walioshuhudia wachumba. Aliyepokea kweli na anayesubiri walitumia maneno yaleyale, na kuuliza nani ni nani ilikuwa utovu wa imani. Mimi nikasema, "Bwana asifiwe! Bwana amenipa lori la tani saba." Kanisa likalipuka kwa vigelegele. Mtaji wangu wa mchele, karibu wote, ukaingia kwenye kapu la sadaka, nami nikarudi kukaa nikiwa na furaha ya kweli kabisa.

Mume wangu alipewa hongera kwa kinyozi kabla sijafika nyumbani. "Mama watoto," akaniuliza, "hilo lori tutalilaza wapi? Uvunguni?" Alicheka hadi akashika mbavu. Nilimnunia siku mbili.

Haukupita muda mrefu, mjane mmoja akanifuata mlangoni mwa kanisa. Alikuwa mama wa makamo, mgeni kwetu, aliyepanda mjini kutoka Milepa, bondeni vilevile, anakolima mahindi. Magunia yake alikuwa ameyaweka kwenye banda akingoja bei ipande, maana binti yake alikuwa amepata nafasi katika chuo cha uuguzi, na ada ilikuwa humo humo kwenye mahindi. Mvua zilikuwa zinakaribia, na mvua zikianza, barabara ya kule inageuka uji.

"Shikamoo, mama," nikamwamkia.

"Marahaba, mwanangu. Yule dereva wangu wa siku zote nimemwambia asije. Nimpe mtu baki hela ya bure, na mwanangu katika Bwana ana gari? Sasa niambie, linashuka lini?"

Watu walikuwa wamesimama pale wanatabasamu. Mchungaji mwenyewe alikuwa hatua mbili kutoka kwetu, anapeana mikono na waumini. Nilifungua mdomo niseme ukweli. Badala yake ikatoka, "Alhamisi."

Kesho yake nikamwendea mchungaji. "Mchungaji, sina lori, na mama wa watu ananitegemea."

Hakunikaripia. Nadhani aliamini kila alichokifundisha, na hilo ndilo lililonimaliza. "Usikiri kinyume, mama," akasema kwa upole. "Ulichokitamka kimeshapokelewa mbinguni. Ukikikana sasa, unamfanya Mungu kuwa mwongo. Unataka hivyo?"

Nani anataka hivyo? Nilitoka nje na hasira ambayo sikujua niielekeze wapi. Nikaenda kwenye maegesho ya malori kuulizia la kukodi. Mwenye gari akataka malipo ya kutangulia, na mimi nilichokuwa nacho hakikutosha hata mafuta ya kushuka mlima. Nikiri, nitaonekana mwongo mbele ya kanisa zima. Ninyamaze, nitakuwa mwongo kwa mtu mmoja. Nilichagua huyo mmoja, kwa sababu alikuwa mpole na kwa sababu alikuwa mgeni. Jumatano jioni nilizima simu.

Yaliyotokea Alhamisi niliyasikia sokoni, kwa wachuuzi waliopanda kutoka huko. Mjane aliamka alfajiri, akaomba mkokoteni wa ng'ombe wa jirani, akayatoa mahindi yote bandani na kuyapanga kando ya barabara ili lori lisichelewe. Akakaa juu yake. Yule dereva wa siku zote alikuwa ameshajaza mizigo ya wengine, akapita akimpungia mkono. Mchana mvua ya kwanza ya msimu ikashuka, mahindi yakalowa yote. Walisema hakuwa na turubai, na alikataa kuyarudisha ndani, eti gari limeahidiwa na mtu wa Mungu.

Jumapili nilikwenda ibadani nimejiandaa kuumbuliwa. Kusema kweli nililitamani hilo, nipumue. Mjane alikuwepo, na wakati wa ushuhuda akanyoosha mkono, akapewa kipaza sauti. Nikainamisha kichwa.

"Bwana asifiwe," akasema. "Bwana ameyafikisha mahindi yangu mjini salama, na binti yangu ameanza chuo."

Vigelegele. Asubuhi ile ile nilikuwa nimempita binti yake sokoni, wachuuzi wale wale wakanionyesha, anauza nyanya za mtu kwa mafungu. Mchungaji alilia kwa furaha. Mimi nikasema amina pamoja na wengine.

Baada ya ibada nilimkimbilia nje, nikamshika mkono, nikapiga goti hapo hapo kwenye tope. "Mama, nisamehe. Sina lori. Sijawahi kuwa nalo."

Aligeuka haraka kutazama kama kuna aliyesikia. Kisha akaniinua kwa nguvu, akanikazia macho yaliyojaa woga.

"Nyamaza, mwanangu," akaninong'oneza. "Ukisema huna lori, mahindi yangu yatakuwa yamekuja na nini?"