Mke wa Golikipa wa Ilomba

Watu wa Ilomba wakikusimulia lile kombe la mwaka hamsini na saba watamsifu Asukile, golikipa wetu. Waongo hao. Mimi nilikuwa beki wake, nilikuwepo, na nasema wa kusifiwa ni mkewe, Tusajigwe.

Mwanamke yule alikuwa akilima viazi Uyole wiki nzima, Jumapili akiimba kwaya kanisani, na siku ya mechi akisimama nyuma ya goli la mumewe na kuanza kugomba. "Asukile, amka. Huo mpira si mtoto, usiupapase." Hata mimi hakuniacha: "Shemeji, leo umekula nini, mbona miguu mizito?" Alikuwa akiniudhi sana. Lakini siku asipokuwepo, Asukile alisinzia golini kama mlinzi aliyeshiba, tukafungwa.

Basi tukafika mechi ya kutafuta bingwa wa jimbo. Mshindi alikuwa anakwenda Dar es Salaam kucheza kombe la Tanganyika nzima. Wapinzani wetu walitoka Iringa. Walishuka kwenye lori lao na vumbi la barabara ya Nyololo hadi kwenye kope, huku wanacheka. Walikuwa na mshambuliaji mmoja, Kalinga, ambaye mguu wake wa kushoto aliujua Mungu tu.

Tulipoingia uwanjani nikaona mzee ameketi kwenye kigoda nyuma ya goli letu, pale pale pa Tusajigwe. Alikuwa Mzee Fanueli, baba yake Asukile. Alikuwa ametembea kutoka Rungwe aje amwone mwanawe akicheza kwa mara ya kwanza. Kwa Wanyakyusa, mke na baba mkwe hawaonani wala hawasemeshani. Akimwona njiani, mke anakimbilia migombani. Tusajigwe alikuwa ameshajitanda kanga na kujificha nyuma ya lori la Iringa.

Kufika mapumziko tulikuwa nyuma, mawili kwa moja. Bao la pili lilipita katikati ya miguu ya Asukile, naye akalitazama kama anasindikiza mgeni. Tukabadilisha upande, na mzee akabeba kigoda chake akamfuata mwanawe. Hapo uvumilivu ukanishinda. Nikamwendea, nikainama.

"Shikamoo, mzee wangu. Utanisamehe, lakini mwanao hadaki mpira bila mkewe kumgombeza. Na mkewe amejificha kwa sababu uko hapa."

Nilitegemea fimbo. Mzee akamtazama mwanawe. Kisha akageuza kigoda, akaupa uwanja mgongo na kujifunika blanketi hadi kichwani. "Mwiteni," akasema.

Tusajigwe akaja kwa kunyata, akasimama kwenye nguzo ya pili ya goli. Akaivuta kanga hadi machoni. Ni mpaka Kalinga aliponipita mimi ndipo Tusajigwe aliposahau yote.

"Asukile, toka! Unasubiri uletewe chai?"

Asukile akatoka, akaudaka mpira miguuni mwa Kalinga. Kuanzia hapo hakupitisha hata upepo. Anania, nahodha wetu, akasawazisha, akaongeza la tatu. Mwishoni Iringa wakapewa penalti, Kalinga akapiga, Asukile akaipangua kwa ncha za vidole. Nililia, wala sioni haya kusema.

Muda wote ule Mzee Fanueli hakugeuka. Uwanja ulivuma, yeye akautazama Mlima Loleza tu.

Filimbi ya mwisho ilipolia, Tusajigwe akakimbia zake. "Ameondoka?" mzee akaniuliza. Nikamwambia ameondoka. Ndipo alipogeuka. Uwanja ulikuwa umejaa watu, hakuna mpira wa kutazama tena.

Asukile akaja mbio, akapiga magoti. "Baba, hukuona kitu. Twende wote Dar es Salaam. Nafasi ya ndugu wa kufuatana na mchezaji ni moja, na ni yako."

Mzee akakunja blanketi lake taratibu.

"Tangu umwoe, leo ndiyo nimemsikia mkwe wangu," akasema. "Mchukue yeye."