Keremkerem Upande wa Pili wa Kanda

Makaratasi yaliyoniruhusu kutoka Marekani na kurudi yalinifikia mwezi wa Januari, mwaka mmoja katika miaka ile ya tisini, theluji ikiwa imepanda hadi kwenye kioo cha dirisha letu kule New Hope, Minnesota. Nilisoma barua mara mbili nikaificha chini ya godoro. Aliyejua ni Mkenya mmoja tu, tuliyekuwa tumepanga naye chumba na sebule, na alijua kwa sababu ndiye aliyeitoa bahasha kwenye sanduku la barua.

Kwa miaka sita nilikuwa nikimwambia baba yangu, aliyekuwa Singida, kwamba siwezi kuja kumwona kwa sababu ya makaratasi. Kwa miaka sita ilikuwa kweli. Siku ile ikaacha kuwa kweli, nami nikaendelea kuisema.

Baba alikuwa mtu wa mizinga ya nyuki. Alikuwa na presha ya macho, na alikwenda hospitali kwa kuchelewa. Sikukuu ya Krismasi dada yangu, aliyekuwa akimtunza, aliniandikia kwamba daktari hayapi macho yale mwaka mzima. "Baba hataki kitu kingine," aliandika. "Anataka akuone uso. Anasema sauti yako anayo kwenye kanda, uso ndio umeanza kumpotea."

Sisi tulikuwa tunatumiana kanda. Mimi nilirekodi salamu kwenye kaseti, nikampa mtu anayesafiri, na baada ya miezi miwili mitatu kanda nyingine ingerudi na sauti ya baba, jogoo wakiwika nyuma yake.

Kwa nini sikwenda? Nimejiuliza swali hili miaka mingi na jibu halijawahi kuwa zuri. Nyumbani nilikuwa nimeandika kwamba nafanya kazi ofisini, hospitali. Kazi yangu ilikuwa kuwaogesha wazee na kuwabadilisha nepi. Na mtu aliyetoka Marekani hashuki kwenye basi na begi moja. Kila nyumba ya ukoo inangoja kitu chake, hata shangazi ambaye hukumbuki sura yake, na wote wanakuja kukaa uani wakuangalie unavyofungua masanduku. Niliona aibu ya begi moja ni kubwa kuliko macho ya baba. Nikasema moyoni, mwakani.

Mmoja wa wazee niliowahudumia alikaa Champlin, nyumba yake ikitazama mto Mississippi. Alikuwa mwalimu mstaafu, mjane, mpenzi wa ndege wa porini kuliko watu. Naye macho yalikuwa yanamwisha. Aliona pembeni, katikati ya kila kitu akaona ukungu. Alikuwa amejiandikisha kwenda kisiwa cha Krete, katika bahari ya Mediterania, wiki mbili za majira ya kuchipua, pamoja na kikundi cha watazamaji ndege na kiongozi wao. Binti yake, aliyekuwa akiishi Lakeville, alikataa aende peke yake.

"Mpeleke huyu," mzee akasema, akinionyesha kwa kijiko cha uji. "Ana macho mawili na haongei sana."

Likizo yangu ya mwaka ilikuwa wiki mbili hizo hizo. Nikakubali papo hapo, hata uji haujapoa.

Jioni nilipomweleza Mkenya wangu, aliweka sufuria chini.

"Boss, wewe uko serious? Umepata makaratasi, unaenda kuangalia ndege? Si kuna ndege ya kukupeleka kwenu?"

"Ni kazi," nikamwambia. "Nitalipwa."

"Kazi gani? Ume-book leave, unaenda ku-spend na mzungu. Na mzee wako je?"

"Mzee wangu nitamwona mwakani."

"Yeye ndiye hatakuona mwakani, bro." Akarudisha sufuria jikoni. Hakulisema tena, na mimi nilimnunia wiki nzima kwa sababu ya ukweli wake.

Krete nilikuwa nimeisikia shule ya Jumapili tu. Niliikuta ya mawe na mizeituni, maua mekundu kando ya barabara, na upepo wenye harufu ya majani makavu ambayo mbuzi walikuwa wameyakanyaga. Tulikuwa wanane, wastaafu watupu isipokuwa mimi na kiongozi, mwanamke wa kisiwani mwenye kofia ya majani aliyeweza kumtambua ndege kwa mlio akiwa bado anaendesha gari. Alisimamisha basi dogo kwenye ziwa, kwenye korongo, kwenye shamba la mtu, akasimika darubini kubwa ya miguu mitatu, nasi tukapanga foleni kuchungulia kama wagonjwa kwa daktari.

Mzee wangu hakupanga foleni. Alisimama nimshike kiwiko, nami nikamweleza. Mwanzoni nilieleza vibaya. "Ni wa kahawia," nikasema. Akafoka, "Kahawia ya nini? Ya chai? Ya ngozi yako? Nionyeshe!" Nikajifunza. Nikaanza kusema huyu ana kahawia ya tofali lililonyeshewa mvua, ana mdomo kama sindano ya kushonea magunia, anainamisha kichwa kama mtu anayetafuta funguo. Mzee alifumba macho akatabasamu. Alikuwa na redio kaseti ndogo, nayo niliibeba mimi. Kila nilipoiwasha nilitangulia kusema tarehe na mahali, kama alivyoniagiza, kisha nikaacha ndege walie, kisha nikaeleza. Alitaka avisikilize hivyo vyote nyumbani, siku ambayo hata pembeni hataona.

Kila jioni baada ya chakula kiongozi alisoma majina ya ndege wa siku hiyo, na kila mtu akaweka alama kwenye orodha yake kwa wale aliowaona. Usiku wa tatu bwana mmoja mwenye ndevu nyeupe akacheka.

"Wewe umemwona, au umesimuliwa?"

"Nimemwona," mzee akajibu. "Macho yangu yamekaa kiti cha pili, yanakula samaki."

Meza nzima ikacheka, na mimi nikacheka. Nilifurahi. Nalisema hili kwa uchungu: sijawahi kujiona mtu wa maana Marekani kama nilivyojiona usiku ule.

Siku ya tisa, asubuhi, tulikuwa juu ya bonde nikasikia mlio laini unaoviringika kooni, na kabla kiongozi hajafungua mdomo nikasema, "Keremkerem." Walikuja kwa kundi, migongo ya dhahabu, matumbo ya buluu, wakateleza juu ya mizeituni. Nilikuwa nawajua tangu nikiwa mdogo. Kila mwaka walipita juu ya mizinga ya baba wakila nyuki wake, naye aliwatukana akiwarushia mawe kwa manati, halafu walipoondoka kwenda kaskazini alikaa kimya siku mbili kama mtu aliyeagana na wageni. Kiongozi alieleza kwamba wametoka Afrika, wameruka jangwa na bahari. Mzee akanibana mkono. "Nieleze, nieleze." Nikaeleza. Sijawahi kueleza kitu vizuri kama nilivyowaeleza keremkerem wale, kwa mtu ambaye si baba yangu, wakati baba yangu akingali na macho.

Tuliporudi Minnesota mzee alinipa kanda zilizobaki. "Tupu hizo, chukua." Mwezi wa sita nikapata mtu anayekwenda Dar es Salaam. Nikachukua moja, nikarekodi upande mmoja salamu zangu kwa baba. Nilisema makaratasi bado, wanatuzungusha, niombee, labda mwakani. Sikugeuza kanda kusikiliza upande wa pili. Siku zote nilikuwa nikigeuza, ila siku hiyo yule msafiri alikuwa ameshawasha gari nje.

Jibu lilifika mwezi wa tisa. Niliweka kanda ya baba kwenye redio nikaketi ukingoni mwa kitanda.

Kwanza alikohoa. Kisha akasema, "Mwanangu, sauti yako tumeipata. Dada yako aligeuza kanda akidhani kuna salamu nyingine. Nikasikia wale wezi wangu. Nikasema, hao ni wale wala nyuki, wamefika kwake? Halafu nikakusikia unaongea Kiingereza. Dada yako akanitafsiria yote. Tarehe akaitaja, na hicho kisiwa."

Jogoo mmoja akawika.

"Kumbe mlango ulikuwa umefunguliwa. Sawa. Mimi macho yamekwisha, tangu mvua zilipokatika. Sikulaumu. Ila nimesikia umemweleza yule mzee ndege mmoja mmoja, rangi yake, mdomo wake, anavyoinamisha kichwa. Umemweleza vizuri sana. Basi na mimi nieleze. Nieleze uso wako."

Nilikaa mbele ya kioo cha bafuni Jumapili nzima, redio juu ya sinki. Mkenya alipita mlangoni, akaniangalia, akaenda zake. Nilianza mara nyingi na kufuta. Mwisho nikamweleza baba mtu mwenye mashavu yaliyojaa, masharubu yaliyochongwa, nywele nyeusi zilizokatwa vizuri. Nikaituma.

Nilikwenda Desemba, na begi moja. Hakuna aliyenicheka. Shangazi walikaa uani, wakala, wakaniuliza habari za baridi. Baba alikuwa kwenye kiti cha kamba, ameelekeza uso upande ambao hapakuwa na mtu. Nikapiga magoti. "Shikamoo, baba."

"Marahaba. Sogea."

Akaniwekea viganja usoni. Vilikuwa na harufu ya nta. Vikapita mashavuni, ambako nyama ilikuwa imekwisha zamani, vikapita juu ya mdomo, vikapanda kwenye paji la uso, vikaendelea kupanda bila kukutana na unywele, mpaka utosini. Hapo vikasimama.

"Hukusema una upara," akasema.

"Sikusema, baba."

"Hata hilo."

Akaondoa mikono, akaifuta taratibu magotini, akamwita dada yangu aniletee maji ya kuoga.