Wanachama Kumi na Wawili

Enzi za Hali ya Hatari ya mkoloni, sisi watu wa Ruiru tuliogopa daftari kuliko bunduki. Jina lako likishaandikwa mahali, hukujua litasomwa na nani, wala kama utalala kwako au kizuizini.

Siku moja wakati huo, hotelini tukinywa chai, akaingia karani mmoja kutoka Thika, kalamu sikioni, uso umejaa furaha. Klabu mpya ya mpira ilikuwa imemwomba ajitolee kuandikisha wanachama, na hiyo ndiyo siku yake ya kwanza. Akapita meza hadi meza. Watu wakatazama vikombe vyao, wakataja majina kwa sauti ya chini. Hata mimi nikataja.

"Kumi na wawili!" akasema, akimwonyesha daftari mzee aliyekaa mlangoni. "Mzee, wewe unawajua watu wa hapa. Hawa nitawapata wapi siku ya mkutano?"

Mzee akasoma polepole, kidole kikishuka na ukurasa. Kisha akavua kofia.

"Ngai! Bwana karani, hawa wote ni marehemu. Huyu alikufa wakati wa njaa. Na huyu wa tatu ni ndugu yangu, nilimzika mwenyewe."

Karani akaketi. Hakuna aliyecheka. Mzee akanigeukia mimi, akanikazia macho, kwa maana huyo ndugu yake alikuwa babu yangu.

Leo jina langu huchapwa juu ya safu hii kila wiki. Siku ile nilimtuma maiti asimame mahali pangu.