Kiu ya Mwalimu

Nikiikumbuka ile nyumba ya mtaa wa Al Sadd, huku Ghuba, kinachonijia kwanza ni koo la Mwalimu likipambana na maji. Siku yangu ya kwanza ya kazi ya kumtunza alinyakua bilauri ya binti yake akapiga funda moja. Ikatoka sauti kama ya chupa inayozamishwa ndooni, gugugu, kisha kimya, kisha kikohozi kilichomtoa machozi. Binti yake alimpiga mgongoni huku ananiambia, umeona sasa? Ndiyo maana haruhusiwi.

Kiharusi kilimwachia Mwalimu mkono mmoja, ulimi mzito na akili nzima. Maji yake tulikuwa tunayakoroga na unga maalumu mpaka yawe mazito kama uji, ndipo yashuke tumboni bila kupotea njia na kuingia mapafuni. Yeye aliyaita gundi. Kila kijiko alikipokea kwa uso wa mtu anayetiwa dawa ya minyoo.

Alizaliwa Unguja, akaja huku Ghuba angali kijana, akafundisha falsafa chuoni mpaka alipostaafu. Nilikuwa sijawahi kulisikia neno hilo ila kwenye redio. Basi wakati namlisha, ananifundisha. Alinieleza kwamba karne tatu nne zilizopita wazee wa Ulaya waligombana sana juu ya jambo moja: binadamu anajuaje jema na baya? Wengine walisema kwa akili, kama unavyojua mbili na mbili ni nne. Wengine wakasema la, wema huonjwa moyoni kama chumvi, akili inafuata nyuma imebeba mizigo. Mimi niliyeishia kidato cha pili nikaenda upande wa moyo hata sijaulizwa.

"Nilijua," akasema. "Weye una sura ya kulia harusini."

Nilicheka sana. Mimi ni mtu wa kucheka. Wakati huo nilikuwa naota kurudi Tanga nifungue shule ya chekechea yenye kuta za rangi ya papai, na nilishampangia Mwalimu kiti pale mlangoni awe anawafundisha watoto kubishana.

Siku nyingine alinitolea kali zaidi. Alisema wapo waliodai kwamba hata huruma ni ubinafsi. Unampa ombaomba sarafu ili yeye apone njaa, au ili wewe usiumie kumtazama? Nikamjibu kwamba yote sawa, mbona masikini atakula vilevile.

"Na ukimpa sumu kwa huruma," akasema, "ataila vilevile."

Tukacheka wote wawili. Ulikuwa mchezo bado.

Aliyekuwa hachezi ni nesi, dada mmoja Mkenya aliyekuja asubuhi na jioni kumgeuza, kumpima na kuangalia vidonda vya mgongoni. Alikuwa hakawii wala hakai kupiga soga. Nilipomuuliza siku moja kama anampenda mzee, alinitazama kama nimemuuliza bei ya mbingu. Hampendi na hamchukii, alisema, yeye anafanya yenye inafaa. Mwalimu alisikia akafurahi kweli. Akaninong'oneza kwamba huyo ndiye mwanafunzi wake, japo hajakaa darasani kwake hata siku moja.

Joto lilipopanda hasa, mpaka vioo vya madirisha vilikuwa haviguswi, Mwalimu akaanza kushindwa hata gundi. Wakampeleka hospitali, wakamrudisha. Binti yake alisimama koridoni akaniambia madaktari wamemaliza, sasa ni kumtunza tu. Kisha akarudi kwake Lusail kwa watoto, akiahidi kuja kila siku, na alikuja.

Hapo ndipo Mwalimu alipoanza kuomba. Maji, mwanangu. Maji ya kweli. Aliomba asubuhi, aliomba adhuhuri, bila hoja na bila mzaha. Nilimwendea nesi nikamwambia, dada, si wamesema wamemaliza? Kijiko kimoja kitaharibu nini?

"Yataenda kwa mapafu," akasema. "Atakufa akizama hapo kwa kitanda, na wewe ukiangalia. Hiyo huruma yako weka kwa mfuko, msichana. Mlowanishe mdomo na ile sifongo ya kijiti, basi."

Ijumaa nikaenda mtaa wa Najma, kwenye chumba cha wenzangu wa kwetu Tanga, nikawasimulia huku tunamenya viazi. Walinishukia kama mwewe. Kwetu mtu anayekata roho hutiliwa maji kidogo kidogo mdomoni, haachwi aende na kiu. Mmoja akauliza kama siku hizi nimekuwa daktari. Mkubwa wao hata hakuinua macho kwenye viazi.

"Shoga, hata mbuzi wa kuchinjwa hupewa maji."

Nilirudi na sentensi hiyo imenikwama. Tatizo langu, na sikumpata wa kuniambia, lilikuwa hili: kukata roho kunaanza lini? Nikimpa mapema, nimemuua. Nikichelewa, nimemwachia kiu yake.

Alasiri ya kesho yake tulikuwa wawili tu. Kiyoyozi kinanguruma, pazia limefungwa. Akaomba tena. Nilichukua bilauri nikaijaza, nikakaa nayo kitandani. Nikamuuliza yale aliyonifundisha mwenyewe.

"Mwalimu, nikikupa, nitakuwa nakutuliza wewe, au najituliza mimi?"

Alifumba macho.

"Sijui, mwanangu," akasema. "Nimefundisha umri wangu wote, sijui." Kisha akafungua macho. "Lakini kiu ni yangu."

Nikaweka bilauri chini. Nikachovya kijiti cha sifongo, nikakikamua kama nilivyoelekezwa, nikampaka midomo. Alikinyonya kwa nguvu kama mtoto mchanga, na nilipokivuta alikifuata kwa shingo. Sikumpa. Nililia, nikakichovya tena, nikakikamua tena.

Asubuhi nilikuwa jikoni nesi aliponiita. Alikuwa amemgeuza ubavu, na katika kugeuzwa huko Mwalimu akatulia moja kwa moja. Hakukuwa na ile saa ya kutiliwa maji niliyokuwa naivizia. Nesi alimfumba macho, akamnyoosha mikono, akanawa. Akaniambia nilifanya vizuri, mzee ameenda bila kuzama. Aliyasema kwa upole, nami nikayapokea kama unavyopokea mzigo wa mtu mwingine.

Akatoka kwenda koridoni kumpigia simu binti. Nilimsikia akitaja saa na dakika.

Nikafunga mlango. Nikachota maji kwa kijiko, maji matupu, nikamtilia mdomoni taratibu. Hayakuingia. Yalitiririka shavuni, nikayafuta kwa ncha ya kanga yangu.