Baba Alificha Maji

Leo wazazi wangu wamesemezana kwa mara ya kwanza baada ya wiki mbili, na sijui kama nifurahi.

Nilileta mchezo wa ubao kutoka klabu ya shule. Wachezaji wote ni timu moja. Mnavusha ng'ombe jangwani, na kila mtu anatoa kadi zake za maji.

Mama alikubali haraka. Baba, ambaye ni dereva wa lori, akauliza, "Sasa nani anamshinda nani?"

"Hakuna, Baba. Tunashinda wote ama tunashindwa wote."

"Huo ni mchezo gani?" Lakini akaketi mkekani.

Tukashindwa. Ng'ombe wote walikufa kwa kiu.

Halafu Mama akaona kadi tatu za maji chini ya goti la Baba.

"Baba Halima, ulikuwa nazo saa hiyo yote?"

"Nikiwa na lori njia ya Merti, kule kukavu, huwezi kutangaza uko na maji kiasi gani. Utanyang'anywa."

"Kwani mimi ni njia ya Merti?"

Hakuna aliyecheka. Mimi nilikufa ganzi tu, hata aibu sikusikia.

Baba akaziweka katikati, moja moja, bila kumwangalia.

"Haya," Mama akasema. "Endelea. Ni zamu yako."

Mchezo ulikuwa umeisha. Sikuwaambia.

Wewe ungewaambia?