Sanamu la Mke wa Fundi

Fundi seremala waliyemwita Msumari hakuwahi kuwapenda viongozi, na tangu mkewe atekwe hakuweza hata kuwasikia redioni bila kusonya. Mkewe, muuguzi wa zahanati, alikuwa ameshikiliwa na watekaji pamoja na wagonjwa wawili katika nyumba moja ng'ambo ya mto.

Jeshi lilimwita Msumari kambini ajenge nyumba ya mbao iliyofanana na ile, wanajeshi wafanyie mazoezi ya uokoaji. Akaijenga kwa hasira. Kisha akatengeneza sanamu la magunia, akalivika sare ya mkewe na kuliketisha chumba cha nyuma, ili kila kijana anayeingia amzoee mama atakayembeba. Walilibeba mpaka sare ikachanika begani. Walikuwa tayari.

Lakini Waziri wa Ulinzi alikuwa ameshasema: havuki mtu mto bila idhini yake. Akaja kukagua na msafara wake, akaagiza kwanza mlango wa nyumba ya mazoezi upanuliwe, apite bila kuinama. Msumari akaupanua huku roho inamchemka.

"Na mkishindwa?" Waziri akamuuliza Kapteni aliyewaongoza vijana.

"Lawama ni yangu, Mheshimiwa."

"Wewe nani anakujua? Atakayeng'olewa ni mimi. Subirini idhini. Ya maandishi."

"Mheshimiwa, mama watoto wangu yumo mle," Msumari akasema.

"Mzee wangu, serikali haiendeshwi kwa jazba."

Mzee wangu! Na Waziri ndiye aliyekuwa na mvi.

Idhini haikuja. Ilikuja habari kwamba watekaji wamewahamisha mateka, na wamewapeleka wapi hakuna anayejua. Kapteni aliisema akitazama viatu vyake. Msumari hakulia. Alimchukia Waziri kwa moyo wake wote, na wala hakuona aibu.

Amri nyingine ndiyo iliyokuja chapuchapu: nyumba ya mbao ibomolewe, mbao zijenge jukwaa, Waziri apate pa kusimama kuziomba familia za mateka ziwe na subira. Msumari akabomoa, akajenga. Jukwaa lilikuwa imara kweli, maana kazi ya kulipualipua, ya ovyoovyo, hakuijua hata kwa adui.

Siku familia zilipokusanyika, Waziri alipopanda alikuta kiti chake kimekaliwa. Sanamu lilikuwa limejaa kitini, sare imechanika begani, kichwa kimelala upande.

"Liondoeni hilo!"

Hakuna mwanajeshi aliyetikisika. Waziri akamgeukia Kapteni, macho yamemtoka.

"Tunasubiri idhini, Mheshimiwa," Kapteni akajibu. "Ya maandishi."

Waziri angeweza kuliinua mwenyewe, lilikuwa jepesi tu. Hakuligusa. Akaanza kuhutubia amesimama kando yake, jasho linamtiririka, subira hivi, subira vile.

Mama mkwe wa Msumari, aliyeketi mstari wa mbele, akamkatiza kwa sauti.

"Mwanangu yuko wapi?"

Waziri akatazama kiti. Bibi akamgeukia mkwewe.

"Baba, mke wako yuko wapi?"

Msumari akamnyooshea Waziri kidole.

"Muulize huyo, mama. Alipokuwa ng'ambo ya mto, alikuwa anajua."